Wimbo Uliomcheka Hakimu

Wahenga walisema, "Mnyonge hana haki." Lakini wanyonge wa Unguja, zama za ukoloni, walikuwa na silaha moja: wimbo. Siti binti Saad wa Fumba, muuza vyungu aliyekuwa mwimbaji mashuhuri, na ambaye mwaka 1928 alitiwa sauti katika santuri kule Bombay, aliimba habari za Kijiti. Wimbo wasimulia kwamba Kijiti alimwua mwanamke mgeni, akatorokea bara. Nayo mahakama ikawafunga wanawake waliotoa ushahidi! Lakini hakimu alifanyiwa dhihaka hadharani, watu wakacheka kwa uchungu. Siti alifariki mwaka 1950, na utawala ule umekwisha. Wimbo ungali ukiimbwa. Mkubwa aweza kumfunga shahidi, lakini kicheko hakifungiki.