Homoni za msongo: siri ya kasi na unyonge wa panya

Panya anayefumaniwa katika ghala la mahindi huko Shirere, Kakamega, hutimka kwa kasi ya ajabu. Kasi hiyo huchochewa na tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo. Kwanza hutoa adrenalini, ambayo huharakisha mapigo ya moyo ndani ya sekunde chache tu. Dakika chache baadaye hufuata kotikosteroni, inayolifanya ini kuongeza sukari katika damu ili misuli isiishiwe nguvu. Kwa binadamu, kazi hiyo hufanywa hasa na kotisoli.

Hatari ikipita, kiwango hushuka. Isipokwisha, homoni ile ile iliyomwokoa humdhoofisha: misuli hukonda, kumbukumbu hufifia, na mnyama huogopa hata kukagua mahali pageni. Mwaka 1936, Hans Selye wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alieleza kuwa panya waliopatwa na baridi kali, majeraha au mazoezi ya kupita kiasi walivimba tezi hizo na kupata vidonda vya tumbo.

Kwa hiyo, mtafiti makini humzoesha panya mikono yake kabla ya kumpima mbio. La sivyo, atakuwa amepima hofu, si uwezo.