Msaada Unaoanza na Majina ya Watu



Katika makambi, na katika familia zinazopokea wahamaji, neno "msaada" linasikika tangu asubuhi. Umefika? Unagawiwa na nani? Nani ameandikwa kwenye liste, na nani amesahauliwa? Juu ya neno hilo majirani wamenuniana, na pengine wamepigana. Kwa hiyo leo tutazame historia ya padri mmoja wa Ubelgiji, Dominique Pire, aliyesaidia wakimbizi wa Ulaya na baadaye wakulima wa Asia. Historia yake inatupa maswali ya kuuliza kila mara msaada unapobisha hodi kwetu.

Pire alizaliwa mwaka wa 1910 katika mji wa Dinant, kando ya mto Meuse. Mwezi wa Agosti 1914 jeshi la Ujerumani liliingia mjini humo, likachoma nyumba na kuua raia 674. Familia ya Pire ilikimbilia Ufaransa. Mtoto alikuwa na miaka minne. Waliporudi mwaka wa 1918 walikuta mji umekuwa magofu. Ninyi mliokimbia na mtoto mgongoni na sufuria kichwani hamhitaji kuelezwa zaidi.

Najua wengine mtauliza: Mbelgiji atatufundisha nini? Swali hilo ni la haki. Miaka ileile Wabelgiji walipolia kwa kuvamiwa, serikali yao ilikuwa inatawala Kongo kwa nguvu, na mababu zetu walibebeshwa mizigo ya vita hadi Tabora, iliyotekwa mwaka wa 1916. Wengi hawakurudi. Hilo tusilifiche. Lakini yule mtoto wa Dinant hakuwa serikali. Tumpime kwa matendo yake.

Alipokuwa mtu mzima aliingia utawa wa Wadominiko, akaishi Huy. Mwaka wa 1938 alianzisha huko kazi ya kusaidia familia na watoto maskini. Kisha, tarehe 27 Februari 1949, alimsikiliza Mmarekani mmoja aliyekuwa amefanya kazi katika kambi ya wakimbizi huko Austria. Vita ya pili ya dunia ilikuwa imekwisha karibu miaka minne, lakini watu wengi wa Ulaya ya Mashariki walikuwa bado kambini. Nchi za kigeni zilikuwa zimekuja kuchagua wenye nguvu za kufanya kazi. Walioachwa ni wazee, wagonjwa wa kifua, vilema, wajane wenye watoto.

Pire alikwenda kuwaona kwa macho yake. Kazi yake ilianza kwa majina ya watu. Familia moja nje ya kambi ilipewa jina la familia moja ndani ya kambi. Iliiandikia barua, ikatuma kifurushi, ikangoja jibu. Maelfu ya familia walijiunga kwa njia hiyo. Mtu ambaye kwa miaka alikuwa namba kwenye kadi, sasa alikuwa na rafiki anayeuliza kama kikohozi kimepungua na kama mtoto amefaulu shuleni.

Lakini barua haimtoi mtu kambini. Kwa wazee, Pire alifungua nyumba nne nchini Ubelgiji. Kwa familia, tangu mwaka wa 1956 alianza kujenga vijiji vidogo, kila kimoja na nyumba kama ishirini hivi. Cha kwanza kilikuwa Aachen. Vikafuata vingine, mpaka vikafika saba. Alitaka kila kijiji kishikamane na mji, ili watoto wa wakimbizi wasome na watoto wa wenyeji, na baba zao wapate kazi palepale. Hakutaka kambi mpya yenye kuta nzuri.

Tena sikilizeni jambo hili: vingi vya vijiji hivyo vilijengwa Ujerumani, nchi ambayo askari wake walichoma mji aliozaliwa. Mwaka wa 1958 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Hakuishia hapo. Mwaka wa 1960 alifika Pakistani ya Mashariki, nchi ambayo tangu 1971 inaitwa Bangladesh. Mwaka wa 1962 kazi ilianza Gohira, penye wakulima maskini. Aliita mahali hapo "Kisiwa cha Amani". Kilimo, afya na elimu vilishughulikiwa pamoja. Wengi wa watu wa nchi ile ni Waislamu, na padri huyu hakwenda kubatiza mtu. Sharti kubwa lilikuwa moja: wageni watakaa muda uliopimwa, halafu kazi itabaki mikononi mwa wenyeji. Baada ya miaka kama mitano waliikabidhi.

Pire alifariki tarehe 30 Januari 1969, lakini kazi iliendelea. Kwa miaka mingi, kila Januari, maelfu ya watu wa kujitolea walisimama sokoni na mbele ya maduka ya Ubelgiji, wengi wao wanafunzi, wakiuza vitu vidogo vya plastiki ili kupata pesa. Kwa njia hiyo shirika lilifika Burkina Faso na Benin, na hata Tanzania na Uganda, jirani zetu.

Sasa turudi kwetu. Wakimbizi wa Pire walikuwa wamevuka mipaka. Wengi wenu mko ndani ya nchi yenu, na haki zenu za uraia hazikubaki kijijini mlikotoka. Mna haki ya kuuliza. Shirika linapokuja, liulizeni: Mnatujua kwa majina, au kwa hesabu tu? Wenyeji waliotupokea, ambao mashamba yao yamekanyagwa, wana sehemu gani? Siku mtakapoondoka, nani atabaki na ufunguo, daftari na jembe?

Kwenu bami, machefu na wanakomite: liste ni kitu kizito. Anayeandika jina la mtu asiyekuwapo amemnyang'anya mama aliyepo. Someni majina mbele ya watu wote, wahamaji na wenyeji, na mama wawepo kwenye komite. Mnaweza kufanya hivyo wiki hii bila kungoja mfadhili.

Na ninyi familia zilizohama, msingoje kila kitu. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe hilo halina matusi ndani yake. Ombeni kipande cha shamba, mbegu, nafasi ya kufundisha kazi mnayoijua. Wenyeji nao wakumbuke kwamba asiyepewa jembe atabaki mgeni daima, na chuki huota mahali mtu anapobaki mgeni.

Hakuna aliyewataka wale wazee na wajane wa mwaka wa 1949. Walipata nyumba kwa sababu watu wa kawaida, wasio na cheo, walikubali kujua jina la mtu mmoja. Leo, kabla jua halijatua, ulizeni jina la jirani ambaye hamjawahi kumsalimu.