Uandani wa Maneno

Mtu wa Kisumu akitaja Mamboleo, ni rahisi kukisia maneno yatakayofuata: njia panda, uwanja wa michezo, maonyesho ya kilimo, gari la Kakamega, gari la Miwani. Msomaji wa Dar es Salaam aliyezoea makala za siasa akikutana na neno hilohilo hutarajia kuona ukoloni ukilitangulia, ukoloni mamboleo, au siku hizi utumwa mamboleo. Na wapo wanaokumbuka kwamba Mambo Leo lilikuwa gazeti, lililoanza kutolewa na idara ya elimu ya Tanganyika mwaka 1923. Tunajua ni Mamboleo ipi inayosemwa kwa kutazama maneno yaliyo kando yake.

Tabia hii ya neno kuwa na wenzake wa kudumu ndiyo inayoitwa kwa Kiingereza "collocation", jina lenye asili ya Kilatini na maana ya kuweka vitu pamoja. Vyuoni utasikia kolokesheni. Harold Palmer, Mwingereza aliyeshughulikia ufundishaji wa Kiingereza huko Tokyo, alitoa ripoti nzima juu yake mwaka 1933. Katika miaka ya 1950 J. R. Firth wa chuo cha SOAS, London, alisisitiza kwamba sehemu ya maana ya neno hupatikana kwa wale linaoandamana nao. Mwanafunzi wake Michael Halliday akaleta mwaka 1966 mfano ambao walimu wa isimu hawajauacha hadi leo. Waingereza husema "strong tea", na gari huliita "powerful". Vivumishi vyote viwili vinahusu nguvu, na ukivibadilisha nafasi sarufi haitavunjika hata kidogo, lakini sikio la mwenye lugha litakataa. Sisi nasi tunakunywa chai iliyokolea na kusifu gari lenye nguvu. Gari halikolei.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Lipo kosa ambalo si la sarufi wala si la maana, nalo ni neno kuketi na mwenzake asiyemfaa. Katika shule zetu za ukanda wa ziwa kosa hilo halina jina, na kwa kukosa jina linaadhibiwa vibaya. Mwanafunzi wa Mamboleo akiandika "I did a mistake", kalamu nyekundu hupita na pembeni huandikwa sarufi. Sarufi gani? Kiima kipo, kitenzi kimo katika wakati wake, yambwa iko mahali pake. Tatizo ni kwamba Kiingereza kimegawa kazi ya kitenzi chetu kimoja kati ya vitenzi kadhaa. Sisi tunafanya kosa, tunafanya kazi, tunafanya sherehe, tunafanya mtihani. Mwingereza ana "make" kwa kosa, "do" kwa kazi ya nyumbani, "have" au "throw" kwa sherehe, "take" au "sit" kwa mtihani. Hakuna kanuni ya kutabiri mgawanyo huo. Mtoto aliyeambiwa amekosea sarufi atarudi kwenye kitabu cha sarufi, na humo hatapata msaada wowote.

Maneno yanayosumbua zaidi ni yale mepesi kabisa, anayoyajua kila mtoto wa darasa la pili. Neno la kitaalamu kwa kawaida huwa na wandani wachache, na ukilijua unawajua nao. Ila "take", "get", "make", "heavy" na "strong" yametumika mno hata maana yake yenyewe imefifia, na kazi inayofanyika katika sentensi inafanywa na mwenzake. John Sinclair na wenzake wa Chuo Kikuu cha Birmingham walilithibitisha hilo kwa kukusanya matini nyingi katika kompyuta na kutazama maneno manne kushoto na manne kulia ya kila neno. Kamusi waliyoitoa mwaka 1987 iliegemea matumizi halisi ya lugha yaliyomo katika matini hizo.

Kiswahili kina neno lake la namna hiyo, nalo ni piga. Tunapiga simu, picha, pasi, hodi, kura, magoti, kelele, deki, mswaki na gumzo, na hakuna anayeumia. Mzungu anayejifunza Kiswahili hulalamikia piga kama sisi tunavyolalamikia "take". Lakini mtoto aliyekulia katika nyumba ya Kijaluo halalamiki, na sababu yake inanifurahisha kila ninapoifikiria. Kitenzi cha Kijaluo cha kupiga ni goyo. Kupiga kelele ni goyo koko. Kupiga magoti ni goyo chong. Kupiga kura ni goyo ombulu, kupiga simu ni goyo simu, kupiga gumzo ni goyo mbaka. Kijaluo ni cha jamii ya Kinailoti na Kiswahili ni Kibantu, hazina undugu wa damu. Hata hivyo zimekubaliana juu ya vitu vya kupigwa. Kisha ghafla zinaachana: Mjaluo akishukuru husema goyo erokamano, nasi huku tunatoa shukrani, hatuzipigi.

Si piga tu. Njaa ya Kiswahili huuma, na Mjaluo mwenye njaa husema kech kaya, yaani njaa inaniuma. Tunapotaka msikilizaji awe makini tunamwambia atege sikio. Kijaluo nacho kina chiko it, na humo mna sikio vilevile. Kiingereza kinamwambia alipe, "pay attention", kama kinavyomlipisha anayekwenda kumtembelea jamaa yake. Mwanafunzi wa Kisumu anapofika kwenye Kiingereza anakuta lugha zake mbili za awali zimeshikana mikono dhidi ya ile ya tatu. Anaandika "hunger is biting me" kwa uhakika wa mtu mwenye mashahidi wawili. Mwalimu anayejua hivyo atamsahihisha kwa upole na kwa ufasaha zaidi.

Mara nyingine mshikamano huo unageuka. Kiingereza huosha kila kitu kwa "wash". Kiswahili sanifu kinachagua: nguo hufuliwa, vyombo huoshwa, mikono na uso hunawishwa, mwili huogeshwa, sakafu hupigwa deki, na anayejiandaa kwa swala hutawadha. Kisumu, na kwa kweli sehemu kubwa ya Kenya bara, utasikia watu wakiosha nguo. Wakali wa Kiswahili huilaumu athari ya Kiingereza. Nadhani wamesahau shahidi wa karibu: Kijaluo kina luoko, na luoko ni kwa nguo, kwa mikono na kwa vyombo. Lugha mbili zikisukuma upande mmoja, fua haina budi kurudi nyuma. Sifurahii, maana fua ni neno zuri lenye mahali pake, lakini kulilaumu neno la kigeni pekee ni kutotazama mtaa tunaoishi.

Mipaka nayo hubadilisha wandani hata ndani ya Kiswahili kimoja. Taa zikizimika Mamboleo, stima imepotea. Zikizimika Mwanza, ng'ambo ya ziwa hilihili, umeme umekatika. Simjui mtu wa Mwanza ambaye angesema umeme umepotea bila kutazamwa mara mbili.

Pale ambapo Kiswahili ni kikali kuliko Kiingereza ni kwenye vile vijineno vya kusisitiza. Mtu hulala fofofo. Kitambaa huwa cheupe pepepe au cheusi tititi, giza huwa totoro, gari la Kakamega saa kumi na moja jioni hujaa pomoni, na aliyenyeshewa kabla ya kufika stendi huloa chepechepe. Jaribu kulala pepepe au kuloa totoro uone. Kila kimoja kina mwenzake mmoja au wawili na hakikubali mwingine. Hawa ni walimu bora wa somo hili, na ninasikitika kwamba hatuwatumii. Mwanafunzi akiuliza kwa nini Mwingereza aliyelala usingizi mzito yuko "fast asleep" ilhali "fast" ni mbio, jibu analo tayari nyumbani: kwa sababu ileile inayomfanya yeye alale fofofo. Hatuulizi fofofo ni nini. Tunajua inalala na nani.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi haimo katika Kiingereza cha wanafunzi. Imo katika Kiswahili cha watu wazima wanaoandika ofisini na kwenye vyumba vya habari, ambamo maneno yote ni ya Kiswahili ila wandani wao wametoka London. Waziri "anacheza nafasi muhimu" badala ya kuwa na nafasi muhimu. Watahiniwa "wanakalia mtihani". Mgeni "anachukua picha" na msomaji habaini kama ameipiga au ameiba ukutani. Sitaki kuwa mkali kupita kiasi, kwa maana lugha hukopa wandani kama inavyokopa maneno, na mingi ya mikopo hiyo imeshalipwa: kuchukua hatua ni Kiswahili leo, na kufanya uamuzi kumekubalika ingawa kukata shauri bado kuna utamu wake. Ila upo mpaka ambapo hasara inaanza. Maelezo ya dawa yakisema "chukua vidonge viwili asubuhi", mgonjwa wa Kiswahili ana haki ya kuelewa kwamba anatakiwa dirishani kuvipokea. Vidonge humezwa. Dawa ya maji hunywewa. Mfasiri aliyeifungua kamusi akaona "take" ni chukua hakudanganywa na kamusi; alilitazama neno likiwa peke yake.

Kwa hiyo istilahi inahitajika, na yafaa iwe ya kueleweka na mwalimu wa shule ya msingi. Kolokesheni inatamkika na ina faida ya kutambulika na wataalamu, lakini haimwambii kitu anayeisikia mara ya kwanza. Upatanisho umekwisha chukuliwa na sarufi, kwa ajili ya ngeli. Mwambatano utachanganywa na sentensi ambatano. Nahau ni jambo jingine: katika nahau maana ya jumla hujitenga na maana ya maneno, kama anayepiga moyo konde ambaye hana konde wala hajapiga kitu, lakini katika kuvuta sigara kila neno lingali na maana yake, ila Kiswahili kimechagua kuvuta pale ambapo Kijaluo, kwa madho ndawa, kimechagua kunywa. Ujirani ungefaa, isipokuwa jirani ni yeyote aliyehamia karibu, nasi tunazungumzia waliochaguana. Uandamani nao, mjini Kisumu, utampeleka msikilizaji Kondele kwenye maandamano kabla hajafika kwenye maneno.

Mimi natumia uandani. Mwandani ni rafiki wa karibu, wa kukaa na kutembea naye, na lina sura ya umoja na wingi tayari kwa kazi: mwandani wa neno, wandani wa neno. Tukilitumia, mwalimu anaweza kuandika pembeni mwa daftari "mwandani si huyu", na mtoto ataelewa kwamba sentensi yake imesimama vizuri na amekosa neno moja tu. Mhariri anaweza kuuliza kama jukumu na cheza ni wandani. Na mwandishi wa kamusi anaweza kuweka chini ya mvua si maji yadondokayo kutoka mawinguni peke yake, bali kunyesha, kuanuka, kubwa, ya mawe, ya masika, ya vuli na rasharasha, na kando yake "heavy rain" ya Kiingereza, ili anayetafsiri asijaribu kuipima mvua kwa uzito.