Waandishi wa Hatimkato na Kumbukumbu za Bunge: Kipimo cha Kazi na Ujira Wake

Mbunge atokaye nchi ya Mbinga, akisimama Bungeni kueleza kilimo cha kwao, hana budi kutaja ngolo. Kwa mtu wa Kitura neno hilo halihitaji maelezo. Ni shamba la mlimani ambalo majani yake hufyekwa, hulazwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo, yakabaki mashimo ya kuzuia maji ya mvua yasiteremke na rutuba. Lakini mwandishi wa hatimkato aliyezaliwa Tanga au Bagamoyo hulisikia neno hilo mara moja tu, na mkono wake haungoji. Hata vitabu, vilivyotungwa kwa utulivu, vimeandika pengine ngolo, pengine ngoro. Na jina la Kitura lenyewe, kwa sikio lisilolizoea, ni rahisi kugeuka Kitula.

Mwandishi huyo amekuwa adimu tangu zamani. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, wakati wa Gavana Donald Cameron, na lugha yake ilikuwa Kiingereza. Waafrika wa kwanza, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945. Na hata katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mgombea alitakiwa kujua Kiingereza. Katika ofisi za serikali kazi ya hatimkato ilishikwa zaidi na wanawake wa Kizungu. Mwafrika ambaye angetaka kuijifunza hakuwa na la kumvutia, kwani Tume ya Holmes ya mwaka 1948 ilishauri kwamba asiye Mzungu, ajapokuwa na elimu ile ile na kazi ile ile, alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ilishauri mwaka 1954 kuondoa ngazi hizo za rangi. Ilibaki miaka saba tu kufika Uhuru, na ufundi wa mkono haupatikani kwa kufuta kanuni ya mshahara.

Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alilihutubia Bunge kwa Kiswahili, na tangu hapo lugha hiyo ikaenea katika majadiliano. Miswada, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza; sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi ilipitishwa mwaka 2021. Kwa muda wa karibu miaka sitini, basi, kifungu kilisomwa katika lugha moja na kujadiliwa katika nyingine, na mwandishi alipaswa kuziweza zote mbili. Kenya nayo iliingia katika jambo hilo kwa ghafula mwaka 1974, Rais Kenyatta alipoagiza Kiswahili kitumike Bungeni.

Hapa ndipo lugha yenyewe inapoingia katika hesabu ya ujira. Hatimkato iliyofundishwa zaidi katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ni ile ya Isaac Pitman, iliyotolewa mwaka 1837. Konsonanti huandikwa kwa mistari, na irabu kwa vitone na vistari vidogo, ambavyo mwandishi mwepesi huviacha. Kiingereza huvumilia upungufu huo kuliko Kiswahili. Wenye kusoma Kiswahili cha zamani katika hati za Kiarabu wanaijua taabu ya namna hii, ingawa huko tatizo kubwa lilikuwa kutenganisha e na i, o na u. Hapa irabu zote huenda zikaachwa. Mbunge akisema “tulikubali mzigo huu” au “tulikabili mzigo huu”, konsonanti ni zile zile kwa mfuatano ule ule; lakini mmoja ameridhia, na mwingine amepambana. Wa kuamua ni mwandishi, usiku, mbele ya mashine ya kupigia chapa.

Kipimo cha kasi nacho kimeazimwa bila kubadilishwa. Kwa miaka mingi matangazo ya kazi ya halmashauri za wilaya yalimtaka Katibu Mahsusi Daraja la III awe amemaliza kidato cha nne, amehitimu mafunzo ya uhazili, na amefaulu hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa maneno 80 kwa dakika. Themanini hapa na themanini kule. Mtu atadhani ni kazi sawa. Lakini “Wakulima hawajalipwa” ni maneno mawili yenye silabi tisa, na Kiingereza husema jambo hilo hilo kwa maneno sita yenye silabi saba. Desturi ya Wamarekani katika imla za mazoezi ni kulihesabu neno la wastani kuwa silabi 1.4, yaani maneno 80 ni silabi 112. Neno la Kiswahili likihesabiwa kuwa silabi mbili na nusu tu, maneno 80 ni silabi 200. Kwa kipimo cha Kiingereza hiyo ni kasi ya maneno zaidi ya 140! Aliyefaulu mitihani hiyo miwili kwa tarakimu moja amefanya mmoja mgumu kuliko mwingine, wala cheti hakionyeshi.

Mtu huyo aliwekwa katika ngazi ya mshahara ya TGS B, ya pili kutoka chini katika mfuatano wake. Kisima hicho ndicho ofisi zote zilichotea, na Bunge likiwamo. Msichana wa Kitura aliyesafiri hadi Chuo cha Uhazili Tabora, akarudi na lugha mbili na mkono mwepesi, alihesabiwa kama mpiga chapa. Si ajabu benki au kampuni ikimpata kwanza.

Yapo maoni kwamba kinasa sauti kimekwisha kuyamaliza haya. Kimeondoa haraka ya mkono, na hilo si dogo: “tulikubali” yaweza kusikilizwa mara ya pili na ya tatu. Hakikuondoa ujinga wa neno. Msamiati wa Kimatengo uliokusanywa na Nobuko Yoneda ulichapishwa Tokyo mwaka 2006. Mwandishi wa Taarifa Rasmi aweza kuufungua atakapoisikia ngolo, kama atapewa saa za kufanya hivyo, na saa hizo zikahesabiwa katika mshahara wake.