Utando wa Oksidi: Kutoka Mapovu ya Tokyo hadi Maabara za Dar es Salaam

Tando nyembamba za oksidi hutengenezwa kwa kupaka juu ya kioo titani, vanadi au zinki iliyoungana na oksijeni, kwa unene usiofikia hata sehemu ya mia ya unywele. Zikipigwa na jua, baadhi hutoa umeme. Nyingine huchochea kemikali zinazovunja uchafu na kuua vijidudu, kazi iitwayo fotokatalisisi.

Zaidi ya miaka 50 imepita tangu Akira Fujishima na mwalimu wake, Kenichi Honda, walipochapisha ugunduzi wao katika jarida la Nature mwaka 1972. Jaribio lenyewe lilianza 1967, Fujishima akiwa bado mwanafunzi Chuo Kikuu cha Tokyo: fuwele ya oksidi ya titani ilimulikwa ndani ya maji, mapovu ya oksijeni yakatoka kwenye fuwele na ya haidrojeni kwenye kipande cha platini kilichounganishwa nayo. Kwa simulizi yake mwenyewe, wataalamu wa elektrokemia hawakumsadiki. Bei ya mafuta ilipopaa, Januari 1, 1974, gazeti la Asahi Shimbun likaiweka habari hiyo ukurasa wa mbele. Mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, nchini Uswisi, wakatumia oksidi hiyo hiyo iliyotiwa rangi kutengeneza seli ya jua yenye ufanisi wa takriban asilimia 7.

Kasoro ilibaki moja. Oksidi ya titani hunasa mionzi ya urujuanimno tu, takriban asilimia 5 ya nguvu ya jua. Mwaka 2001 Ryoji Asahi na wenzake walitangaza kwamba nitrojeni kidogo huifanya inase hata mwanga unaoonekana. Hapo ndipo ubishi ulipowaka. Wako waliokumbusha kwamba Shinri Sato aliona dalili hizo tangu 1986. Wengine walisema kinachofanya kazi si nitrojeni bali mapengo ya oksijeni iliyokosekana.

Mkenya Julius Mwabora, ambaye ni profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwamo katika kundi la Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, lililoingia kwenye mjadala huo mwaka 2003. Kwa njia waliyotumia, ndani ya chemba iliyoondolewa hewa, chembe za gesi yenye umeme hugonga sahani ya titani. Atomi za titani huchomoka, hukutana na oksijeni na nitrojeni, kisha hutua kwenye kioo. Vipimo vya kundi hilo vilionyesha kuwa nitrojeni huongeza ngazi mpya za nishati karibu na ukingo wa chini wa pengo la nishati, yaani eneo ambamo kwa kawaida elektroni haziwezi kukaa, huku ukingo wa juu ukibaki pale pale.

Uppsala hiyo hiyo, kupitia mpango wake wa sayansi ulioanza 1961, imelea pia fizikia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2009 Nuru Mlyuka wa chuo hicho, pamoja na Niklasson na Granqvist wa Uppsala, alionyesha kuwa magnesi huongeza mwanga unaopenya kwenye utando wa oksidi ya vanadi na kushusha joto, la kawaida nyuzi 68, ambalo juu yake utando huo huzuia miale ya joto. Ni kazi ya kujivunia, na haijapewa nafasi inayostahili katika masimulizi ya sayansi yetu.

Nje ya maabara, tando hizi bado hazijafika mbali. Mkiwa, mkoani Singida, pale barabara ya Itigi inapoachana na ile ya Dodoma–Singida, jua ni la kutosha, lakini paneli zinazouzwa nchini Tanzania karibu zote ni za silikoni. Kwa maji ya Singida oksidi ya titani ina mpaka wake: huua vijidudu na kuvunja viuatilifu, ila floridi, iliyozidi katika baadhi ya visima vya mkoa huo, haivunjwi na mwanga. Hiyo huondolewa kwa njia nyingine, kama mkaa wa mifupa uliofanyiwa utafiti Ngurdoto, Arusha.