Kuipima Nchi ya Maniema: Kibombo na Mto Lualaba tangu Cameron hadi Setilaiti

Kibombo ni mji mdogo katika mkoa wa Maniema, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Uko kusini ya Kindu, makao makuu ya mkoa, kwenye njia ya reli iendayo Kongolo, upande wa magharibi wa mto Lualaba. Wilaya inayoitwa kwa jina lake ni mojawapo ya saba za mkoa huo, nayo iko mahali ambapo msitu mkubwa wa ikweta huanza kuachana na mbuga za kusini. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki jina la nchi hii si geni: Wamanyema wa Ujiji na wa Dar es Salaam, ambao msikiti wao wa Kariakoo unafahamika sana, asili yao ni huko. Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba nchi hiyo imekuwa ikipimwa na wageni kwa muda wa miaka mia moja na hamsini, kwa vyombo vilivyozidi kuwekwa mbali nayo, na kwamba katika kila kipindi kipimo kiligota mahali palepale: penye maarifa ya wenyeji ambao ama hawakuulizwa, ama waliulizwa ili watozwe kitu.

David Livingstone alifika Nyangwe, soko kubwa la ukingoni mwa Lualaba, kusini-mashariki ya Kibombo, mwishoni mwa Machi 1871. Aliamini kwamba mto ule ni chimbuko la Nile, na hata alikwisha kuupa jina la rafiki yake, akauita Lualaba ya Webb. Ili athibitishe imani yake alihitaji mitumbwi. Mitumbwi ilikuwa mali ya Wagenya, watu wa mto, nao hawakumpa. Kukataa kwao hakukuwa ukaidi mtupu, kwani wageni waliowatangulia wazungu katika nchi ile walikuja kutafuta pembe na watumwa. Tarehe 15 Julai mwaka huo wafuasi wa wafanyabiashara walifyatulia risasi umati wa watu sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Livingstone akarudi Ujiji bila kujua mto unakokwenda.

Mwezi Agosti 1874 Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, alifika Nyangwe akakutana na kizuizi kilekile. Mitumbwi haikupatikana. Hata hivyo Cameron alikuwa na njia nyingine ya kuuliza. Alikadiria kimo cha nchi juu ya usawa wa bahari kwa kupima mkandamizo wa hewa na joto la maji yanayochemka, akaona kwamba Lualaba pale Nyangwe iko chini kuliko Nile ilivyo Gondokoro. Na maji hayapandi mlima. Kisha akakadiria maji yanayopita mtoni wakati wa kiangazi kuwa futi za ujazo 123,000 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara tano ya maji ya Nile huko Gondokoro. Basi mto ule haukuweza kuwa Nile. Ilibidi uwe Kongo. Stanley alilithibitisha jambo hilo kwa kusafiri, akiondoka Nyangwe Novemba 1876 pamoja na Tippu Tip na kufika Boma Agosti 1877, lakini hoja ilikuwa imekwisha kutolewa na mtu ambaye hakuteremka mto ule hata mwendo wa siku moja. Yafaa Cameron ahesabiwe miongoni mwa wa kwanza kuijua sehemu ya Maniema asiyoifikia, kwa kutumia chombo na hesabu.

Namna nyingine ya kupima ilikuwapo wakati uleule. Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ndiye Tippu Tip, hutaja umbali kwa siku za mwendo, naye humtaja mwenye nchi na bei ya pembe. Kipimo hicho hakifai kuchorea ramani, kwani siku ya msafara wenye mizigo si siku ya mtu mwepesi. Lakini kina jambo ambalo namba za Cameron hazina: ndani yake kuna watu.

Daftari aliloandika Livingstone huko Nyangwe lilikuwa na mkasa wake. Alikuwa ameishiwa karatasi na wino, akaandika kwa rangi ya matunda ya mwituni juu ya kurasa za gazeti la Standard la London la tarehe 24 Novemba 1869. Maandishi yalififia hata hayasomeki. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lilitangaza kwamba limeyasoma upya kwa kuzipiga kurasa zile picha nyingi, kila moja kwa mwanga wa urefu tofauti wa mawimbi, mpaka chapa ya gazeti ikatengana na mwandiko. Kanuni hiyo ndiyo ileile ya setilaiti zinazopambanua msitu na shamba kwa kulinganisha rangi za mwanga, pamoja na zile ambazo jicho la binadamu halizioni. Kilichosomeka kilikuwa kikali kuliko kitabu kilichochapishwa baada ya kifo chake, hasa kuhusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe.

Mfano ulio wazi zaidi wa faida ya kupima kwa muda mrefu ni mto Lukuga, unaotoka Ziwa Tanganyika na kumwaga maji yake katika Lualaba juu ya Kongolo. Cameron aliufikia mdomo wake Mei 1874, akaukuta umezibwa na majani na tope. Stanley mwaka 1876 aliona maji karibu yamesimama. Wakati huo ziwa lilikuwa linapanda. Mnamo mwaka 1878 kizibo kilivunjika, maji yakatoka kwa nguvu, na hadi miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka takriban mita 10. Mabishano ya wasafiri kama Lukuga inatoka ziwani au la yalitokana na kila mmoja kufika mwaka wake na kuondoka na ukweli wa mwaka huo. Tangu mwaka 1992 setilaiti zenye rada ya kupima kimo cha maji hupita juu ya ziwa kwa ratiba isiyobadilika. Kupanda kwake kulikofurika Uvira, Kalemie, Bujumbura na Kigoma mwaka 2024 kulifuatwa kwa sentimita. Maji hayo yana njia moja tu ya kutokea, nayo hupita Kongolo, Kasongo na Kibombo kabla ya kufika Kindu.

Utawala wa Kibelgiji ulipima kwa makusudi mengine. Reli ya Kindu hadi Kongolo, yenye kilomita 355, ilikamilika mwishoni mwa mwaka 1910 ili kuyapita maporomoko. Kisha ikaja pamba. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 iliruhusu wanavijiji kulazimishwa kulima kwa hadi siku 60 kwa mwaka, na Maniema ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kupandwa pamba ya lazima. Wakati wa vita, mwaka 1942, siku zikafanywa 120. Mabwana shamba walipita wakipima eneo alilopaswa kulima kila mwanamume. Wakati ule kamba ya kupimia haikuwa chombo cha elimu. Anayeshangaa kwamba wazee wa vijijini humtazama kwa mashaka kijana ajaye na kifaa cha GPS hana budi kuikumbuka kamba hiyo.

Setilaiti ya kwanza ya kuchunguza rasilimali za dunia, ERTS-1, iliyoitwa Landsat baadaye, ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Serikali ya Zaire ilivutiwa mapema, ikaunda mjini Kinshasa mpango ulioitwa ERTS-Zaïre. Matunda yake kwa nchi kama Kibombo yalikuwa haba. Nukta moja ya picha za wakati ule ilifunika takriban mita 80 kila upande, kwa hiyo shamba la jamaa moja lilimezwa na msitu ulioizunguka nukta hiyo. Tangu miaka ya 1980 nukta ilipunguzwa hadi mita 30, lakini mawingu yalibaki. Mwaka 2008 Marekani ilipofungua hazina yote ya picha hizo bila malipo, ndipo ilipowezekana kukusanya mamia ya picha za mahali pamoja na kuunganisha vipande visivyo na wingu. Kwa njia hiyo taasisi ya OSFAC ya Kinshasa, ikishirikiana na vyuo vikuu viwili vya Marekani, ilitoa atlasi iliyoonyesha kwamba kati ya mwaka 2000 na 2010 Kongo ilipoteza asilimia 2.3 ya misitu yake. Sehemu ya muongo huo ilikuwa ya vita, na katika sehemu kubwa ya Maniema hakuna mpimaji ambaye angeweza kutembea.

Katika ramani za namna hii mashamba huonekana kama utepe unaofuata barabara na reli. Ndani ya utepe huo wachoraji huweka kundi moja liitwalo mchanganyiko wa mashamba na vichaka. Hapo ndipo penye mgogoro. Mkulima hukata msitu, hupanda mpunga, mahindi na mihogo, kisha huliacha shamba lipumzike miaka kadhaa. Setilaiti huona upotevu wa miti mwaka wa kukata; haioni kwamba pale ni shamba la babu yake linalorudiwa.

Moto nao ni vivyo hivyo. Agosti 2019, dunia ilipokuwa ikilalamikia kuungua kwa Amazon, ramani za setilaiti zilionyesha nukta nyingi zaidi za moto katika Angola na Kongo, na magazeti yakatangaza kwamba pafu la pili la dunia linateketea. Sehemu kubwa ya mioto ile ilikuwa ya mbuga na ya kuandaa mashamba, ambayo huwashwa kila kiangazi. Kihisio kilihesabu sawasawa; walioisoma hesabu ndio waliokosa kuuliza ni moto wa nini.

Kuna na kosa la upande wa pili, nalo halitajwi mara nyingi. Msitu ulio kati ya Lomami na Lualaba, kaskazini ya Kibombo, huonekana kutoka juu kama zulia lisilotoboka. Wachunguzi walioanza kuutembea kwa miguu mwaka 2007, wakiwa na dira na GPS, walikuta wawindaji wakipeleka nyama kwa wingi miji kama Kindu. Majani yalikuwapo, wanyama walikuwa wanakwisha chini yake. Katika uchunguzi wao pia walikutana na nyani ambaye sayansi haikumjua, akatangazwa mwaka 2012 kwa jina la Cercopithecus lomamiensis. Wenyeji walikuwa na jina lake tangu zamani, lesula, na ndilo linalotumika hadi leo. Mbuga ya Taifa ya Lomami ilitangazwa mwaka 2016.

Swali la nani anamiliki vipimo lilipata sura ya kisheria tarehe 2 Agosti 2014, ilipotolewa amri inayoruhusu jumuiya ya wenyeji kupewa msitu wake wa asili, usiozidi hekta 50,000, bila kikomo cha muda. Sheria ya misitu ilikuwa imeahidi jambo hilo tangu mwaka 2002. Ombi halipokelewi bila ramani. Kwa hiyo kijiji cha Kibombo, kama kijiji kingine chochote, sasa kinahitaji kwa faida yake chombo ambacho zamani kililetwa ili kukitoza. Majadala yatatolewa kwa Kifaransa, lugha rasmi, na picha ya setilaiti itatoka kwenye kompyuta ya Kinshasa au ya ng'ambo. Lakini picha haina jina hata moja. Mpaka na kijiji jirani utafuata kijito fulani, na ni lazima wazee wa pande zote mbili wakubaliane, kwa Kiswahili au kwa lugha zao, kwamba kijito ni hicho, kinaitwa hivyo, na mashamba yaliyopumzishwa ng'ambo yake ni ya nani.