Kiharusi si jini: aina zake na yanayokileta

Huku kwetu Pwani mtu akiamka mdomo umepinda na mkono hauinuki, mara nyingi wa kwanza kuitwa ni mganga. Husemwa amepigwa na upepo au ametupiwa jini. Mimi siwabezi wazee wetu, lakini dini yenyewe imetuamrisha kutafuta tiba, na kwa kiharusi tiba inakwenda na saa.

Kiharusi ni cha aina mbili kuu. Ya kwanza, mshipa wa ubongo huziba kwa damu iliyoganda. Ya pili, mshipa hupasuka na damu kumwagika. Duniani kuziba ndiko kwingi zaidi, ingawa Afrika sehemu ya kupasuka ni kubwa kuliko Ulaya.

Presha ndiyo mama wa zote mbili, na nguvu yake huonekana zaidi kwenye kupasuka. Ulevi wa kupindukia nao huongeza hatari hiyo. Kisukari, mafuta mengi kwenye damu, sigara na maradhi ya moyo huelekea zaidi kwenye kuziba. Utafiti wa nchi 32 uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa mambo kumi ya namna hii, mengi yakiwa ya kuzuilika, yanahusika na takriban asilimia 90 ya viharusi.

Jirani zetu Tanzania walihesabu wagonjwa kati ya 2003 na 2006. Wilayani Hai walipata wapya wapatao 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Dar es Salaam walikuwa 316. Pamoja na presha, kisukari na sigara, virusi vya Ukimwi pia vilijitokeza kuwa hatari.

Sasa tutazame bara, mtaa wa Kipsongo mjini Kitale, ambako wengi wa wakazi wana asili ya Turkana. Anayeishi kwa kibarua, awe Kipsongo au Kisauni, haachi kazi ya siku kwenda kupima presha wakati haumwi popote. Na presha haiumi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawajawahi kupimwa.

Liko jambo jingine linalotuunganisha na Magharibi: selimundu. Ugonjwa huu umeenea Bungoma kama ulivyoenea Kilifi, na unaweza kumletea kiharusi hata mtoto mdogo. Kwa hiyo tusiseme haya ni maradhi ya wazee.

Dalili ni uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea na ulimi kuwa mzito, vyote kwa ghafla. Mkimbizeni mgonjwa hospitali, na mkumbuke saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya picha ya ubongo, kwa sababu aliyepasuka mshipa akipewa dawa hiyo inaweza kumuua. Ndiyo maana hata aspirini msimpe nyumbani. Msimlishe wala kumnywesha pia, asije akapaliwa.

Ombi langu ni dogo: wiki hii mpelekeni mzazi wenu akapimwe presha, na nyinyi mpimwe naye. Akishaandikiwa dawa, asiziache kwa sababu tu anajihisi mzima.